Vifaa vya bure vya usaili wa Oxford: vinatosha, ila usivitazame kama tamthilia

Usaili wa Oxford kwa shahada ya kwanza hufanyika Desemba, na tangu 2020 unafanyika mtandaoni. Kwa mwombaji aliyeko Dodoma au Kisumu hiyo ni nafuu kubwa: hakuna viza, hakuna nauli, hakuna koti la baridi. Kinachobaki ni maandalizi, na hapo ndipo pesa za wazazi huanza kutoka. Kuna watu wanaouza vipindi vya kumwandaa mtoto kwa ajili ya usaili, kwa saa na kwa dola, na mzazi asiyejua kinachofanyika kwenye usaili wenyewe hulipa kwa hofu. Ilhali chuo kimeweka kwenye tovuti yake kila kitu cha kujiandalia, bure: maswali ya mfano yenye maelezo ya wahadhiri walioyatunga, video za usaili wa kuigiza, vigezo vya uteuzi vya kila somo, na maelekezo ya kompyuta na programu. Hivyo ndivyo tunavyovipima hapa. Tunavipa alama za juu, na hatuoni kwa nini familia ilipe senti zaidi. Lakini vina mapengo yanayomgusa moja kwa moja mtoto aliyesoma shule zetu, na asipoyaziba, hata video mia hazitamsaidia.

Kwanza, usaili wenyewe. Maombi hupita UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na mwisho wake ni 15 Oktoba. Kati ya waombaji zaidi ya 20,000, wapatao 10,000 huitwa, wakigombea nafasi zinazokaribia 3,300. Taarifa ya kuitwa huja kuanzia Novemba, na mara nyingine hubaki wiki moja tu kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo anayesubiri barua ndipo aanze kujiandaa amekwisha chelewa. Wengi husailiwa angalau mara mbili, kila mara dakika 20 hadi 30 hivi, na kwa kawaida mbele yao huwa wahadhiri wawili au zaidi. Mavazi, lafudhi na ukoo havihesabiwi. Mwombaji hupewa tatizo dogo ambalo hajawahi kuliona, kisha wahadhiri wanatazama anavyolishika, anavyolizungusha, na anavyopokea dokezo akikwama. Ndivyo wanavyofundisha pale siku zote, mhadhiri mmoja na wanafunzi wawili au watatu, kwa hiyo kwao usaili ni kumjaribu mtu kama atafundishika kwa namna hiyo.

Maswali ya mfano ndiyo mali yenyewe. Kila swali lina maelezo ya mhadhiri: kwa nini analiuliza, wapi waombaji huanzia, na anatarajia mazungumzo yaelekee wapi. Maelezo hayo yana thamani kuliko swali. Tuchukue moja la biolojia: kwa nini wanyama wengi wana milia? Kijana wa kwetu akilisoma anafurahi, kwa sababu pundamilia anamjua. Hapo hapo ndipo anapoteleza. Anatoa jibu moja alilolisikia shuleni, kwamba milia humchanganya simba, kisha anatulia kama mtu aliyemaliza mtihani. Swali limesema wanyama wengi. Tandala ana mistari myeupe ubavuni naye anakaa vichakani, kwenye mwanga na kivuli. Chui milia huvizia mawindo kwenye majani marefu. Nyigu ana milia ya njano na nyeusi, na yeye hajifichi, anatangaza kwamba ana mwiba. Na pundamilia anakaa mbugani peupe, ambako milia haimfichi machoni pa aliye karibu. Kwa hiyo sababu moja haiwezi kuwatosha wote wanne, na anayeligundua hilo kwa sauti, mbele ya wasaili, amekwisha fanya nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni kupendekeza jaribio. Ukidai milia huwafukuza mbung'o na inzi wang'atao, utalithibitishaje? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti ambamo farasi walivishwa majoho, mengine yenye milia na mengine ya rangi moja, na inzi waliotua kwenye milia wakawa wachache. Mwombaji hahitaji kuujua utafiti huo. Anahitaji kufika mwenyewe kwenye wazo la namna hiyo: mnyama yule yule, badilisha ngozi tu, hesabu inzi. Na akiulizwa kwa nini asilinganishe tu pundamilia na farasi wa kawaida, aone kwamba hao wawili wanatofautiana kwa mengi zaidi ya milia, harufu na mkia vikiwemo.

La uhandisi linaweza kufanyiwa mezani sasa hivi. Chukua rula ya sentimita 30, ilaze juu ya vidole viwili vya shahada, kimoja cha kila mkono, kisha visogeze pamoja polepole. Vitakutana wapi? Vitakutana katikati, kwenye 15, hata ukianza na kimoja kwenye sifuri na kingine kwenye 20. Kila mtu hufika hapo, maana anaona kwa macho. Kazi ni kueleza kwa nini. Kidole kilicho kwenye 20 kiko sentimita 5 tu kutoka katikati, kile cha sifuri kiko 15. Ukichukua momenti, yaani nguvu mara umbali, cha 20 kinabeba robo tatu ya uzito na cha sifuri robo moja. Penye uzito zaidi pana msuguano zaidi, kwa hiyo cha 20 kinanata na cha sifuri ndicho kinachoteleza. Kikisogea, mzigo wake unaongezeka, mpaka kinakuwa karibu na katikati kuliko mwenzake. Hapo kinanata chenyewe na mwenzake anaanza kuteleza. Wanapokezana hivyo hadi mwisho. Msaili hataishia hapo. Atauliza: ukigandisha sarafu kwenye ncha moja je? Vidole vitakutana pale rula inapolingana uzito, si kwenye 15 tena. Na ukianzia katikati ukavitenganisha? Jaribu: kidole kimoja tu ndicho kitakachoondoka, kingine kitabaki, kwa sababu kinachoanza kuteleza kinazidi kupungukiwa mzigo na hivyo kinaendelea kuteleza. Mwanafunzi aliyesoma jibu la kwanza tu akalikariri ataanguka kwenye la tatu.

Kuna la hisabati ambalo tungependa kila mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) alijaribu kabla ya kusoma ufafanuzi. Ngazi imeegemea ukuta, alama imechorwa katikati yake, na miguu ya ngazi inateleza mpaka ngazi inalala chini. Alama inachora umbo gani? Wengi hukisia mchirizi uliobonyea kuelekea kwenye pembe ya ukuta na sakafu. Chora pembetatu mraba: ukuta, sakafu na ngazi. Katikati ya upande mrefu wa pembetatu mraba pana umbali sawa kutoka pembe zote tatu. Ngazi ikiwa na mita 4, alama iko mita 2 kutoka pembeni wakati wote. Basi ni robo ya duara, imetuna kuelekea nje. Aliyekisia vibaya hajapoteza chochote, mradi akachora, akaona, akasema wazi kwamba kisio lake la kwanza halikuwa sawa na kwa nini.

La udaktari linafundisha kitu kingine. Linasema Uingereza takriban kifo kimoja kati ya vinne hutokana na saratani, Ufilipino kimoja kati ya kumi. Ni nini kinaweza kuleta tofauti hiyo? Wengi hukimbilia chakula na sigara. Kwanza tazama sehemu yenyewe: hiyo ni sehemu ya vifo vyote. Penye vifo vingi vya maambukizi, ajali na uzazi, sehemu ya saratani hushuka hata kama saratani yenyewe haijapungua. Kisha umri: saratani nyingi ni za uzeeni, na nchi yenye vijana wengi itakuwa na wagonjwa wachache wa namna hiyo. Kisha uandikishaji: mtu akifia nyumbani bila kupimwa, kadi itaandikwa nini? Mwanafunzi aliyeona mazishi ya kijijini ana mengi ya kusema hapa, kama atathubutu kuyaleta.

Namna ya kuyatumia maswali haya ndiyo inayotenganisha anayejiandaa na anayejifariji. Nakili maswali peke yake kwenye daftari, bila maelezo. Chagua matatu kwa siku, yasizidi. Weka simu irekodi sauti, soma swali, zungumza dakika tano bila kusimama, ukichora unapohitaji. Sikiliza ulichosema. Ndipo usome maelezo ya mhadhiri na kutia alama pale alipokwenda wewe hukufika. Maswali ya masomo mengine yasirukwe: wa fizikia afanye ya jiografia, wa sheria afanye ya biolojia, kwa sababu kinachozoezwa ni kushika jambo geni. Anayesoma swali na jibu kwa pamoja, hata akimaliza yote usiku mmoja, amesoma gazeti.

Video ni nzuri, lakini tunazipa alama pungufu kidogo. Zinaonyesha sura halisi ya mazungumzo: wasaili wanatabasamu, wanadokeza, wanakatiza katikati ya sentensi bila ubaya wowote, na hilo peke yake huondoa woga mwingi. Kasoro yake ni kwamba katika nyingi, anayeigiza mwombaji ni mwanafunzi aliyekwisha pokelewa. Ametulia, Kiingereza chake kinatiririka, kimya chake ni cha sekunde mbili tatu. Mtazamaji wa Mwanza anamaliza video akiwa amekata tamaa, akidhani hivyo ndivyo inavyotakiwa kusikika. Sivyo. Dawa ni kusimamisha video kila swali linapomalizika, kulijibu mwenyewe kwa sauti, kisha kuiachia. Kama lafudhi inakupiga chenga, punguza kasi hadi 0.75 mara ya kwanza, mara ya pili irudishe kawaida. Na kwa anayehesabu bando, ubora wa 360p unatosha, ubao unasomeka.

Pengo kubwa ni la malezi, na wala si kosa la waandaaji, hawakutuandikia sisi. Mtoto wetu amefundishwa kwamba mkubwa akisema, unaitikia. Darasani anayeinua mkono ni mwenye uhakika, na anayenyamaza akifikiri anahesabiwa mwenye heshima. Sasa mwingize kwenye usaili. Anatoa jibu sahihi. Mhadhiri anamuuliza, una uhakika? Kwa masikio ya shule zetu hayo ni makaripio: anaomba radhi na kulitupa jibu lake hapo hapo. Kumbe msaili aliuliza ili asikie sababu. Zoezi lake ni rahisi. Anayemsaili nyumbani aulize swali hilo baada ya kila jibu, liwe sahihi au la, na kijana asiruhusiwe kubadilisha chochote kabla ya kutaja sababu moja ya kulishikilia au ya kuliacha. Baada ya siku nne tano, utaona bega limeshuka na pumzi imerudi.

Kimya nacho kina dawa. Kufikiri kunaruhusiwa, na sekunde ishirini si dhambi, ila msaili hawezi kupima asichokisikia. Kijana ajizoeze kusema anachokifanya: naanza na kesi rahisi, nachora kwanza, nimekwama hapa kwa sababu hii. Sentensi ya mwisho hasa. Akisema tu kwamba hajui, mlango umefungwa. Akisema amekwama wapi, mhadhiri anajua adokeze nini, na kulipokea dokezo vizuri ni sehemu ya kinachopimwa.

Halafu lugha. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania anaandika mitihani yake kwa Kiingereza, lakini mengi ya darasani yanaelezwa na kuulizwa kwa Kiswahili. Matokeo yake kuna maneno ambayo ameyaandika mara mia na hajawahi kuyatamka. Mkononi ni fundi, kinywani ni mgeni. Usimlazimishe kufikiri kwa Kiingereza. Aeleze jambo kwa Kiswahili dakika moja, kama anamweleza mdogo wake, kisha hilo hilo kwa Kiingereza dakika moja, kwa sentensi fupi. Neno likimponyoka, aeleze kitu kinavyofanya kazi badala ya kulitafuta. Wasaili hawamkati mtu kwa kukosa istilahi.

Maelekezo ya vifaa vya kompyuta yako wazi, ila yameandikwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Mazungumzo hupita kwenye Microsoft Teams, na masomo ya hesabu na sayansi huweza kuongeza ubao wa mtandaoni wa Miro, mengine yakihitaji skrini ya kugusa na kalamu yake. Soma barua ya mwaliko ujue somo lako linataka nini, na kama huna kifaa, iandikie koleji iliyokuita (Oxford imegawanyika katika koleji nyingi) mara moja. Wanategemea uulize mapema, si asubuhi ya usaili. Fungua Miro wiki moja kabla na uchore ile ngazi na ukuta mpaka mkono uzoee, kwa sababu kuandika hesabu kwa kipanya ni kazi ngumu kwa asiyezoea.

Saa huwakosesha watu kuliko hesabu. Desemba, London iko kwenye GMT. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa tatu, Kigali, Bujumbura na Bukavu saa mbili, Muscat saa nne. Barua ikisema 11:00, simu yako ya Arusha itasoma 14:00, yaani saa nane mchana. Iandike kwa namna zote tatu kwenye karatasi moja, ubandike ukutani, na waliomo nyumbani wote waione.

Bando linahesabika. Teams ikitumia megabiti 1.5 kwa sekunde kila upande, dakika 30 ni sekunde 1,800, na ukijumlisha kwenda na kurudi unapata megabiti 5,400, sawa na MB 675 hivi. Tenga GB 1 kwa kila usaili, na nyingine kama hiyo kwenye laini ya mtandao mwingine kabisa, kwenye simu ya pili iliyochajiwa. Hakikisha umeme wa Luku haujabaki uniti mbili, na laptopu iwe imejaa chaji hata kama imechomekwa. Dirisha liwe mbele yako lisiwe mgongoni, vinginevyo wasaili wataona kivuli. Mtandao ukikatika, rudi kwa kiungo kile kile. Namba ya dharura ya koleji iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwa maana iliyo ndani ya simu iliyozima haina faida.

Cambridge wana vifaa vinavyofanana, nao husaili Desemba, walio wengi mtandaoni. Anayeomba huko atumie vya pande zote mbili. Aina ya maswali ni moja na hakuna kitakachopotea.

Tukirudi kwa wanaouza maandalizi: anayeahidi maswali ya mwaka huu hana cha kuuza, kwa sababu wahadhiri wa kila somo na kila koleji hutunga yao. Anayempa mtoto majibu ya kukariri anamharibu, maana jibu la kukariri husikika, na swali la pili hulimaliza. Badala yake tafuta walimu wawili wasiomfundisha kijana huyo, mmoja wa somo lake na mmoja wa somo lolote. Wapeni maswali ya bure pamoja na maelezo yake, waombeni vikao vinne vya dakika 25, kwa kamera, kila mtu akiwa chumba chake. Mwalimu asiseme sahihi wala si sahihi. Akiona kijana amekwama zaidi ya nusu dakika, atoe dokezo moja dogo, asitoe jibu. Kikao cha kwanza kitakuwa kibaya, mwalimu atatamani kufundisha na kijana atatamani kikao kiishe. Cha tatu ndicho kinachoonyesha alipofika.

Na usaili wa mwisho kwenye ratiba ukiisha, simu isizimwe, safari ya kwenda kijijini isianze jioni hiyo. Koleji nyingine inaweza kumwita kijana siku zinazofuata, wakati mwingine kwa taarifa ya saa chache, hata kama hakuiomba. Aendelee kuangalia barua pepe asubuhi na jioni, na ile GB ya akiba asiitumie kutazama mpira.